Silipi Mara Mbili

Siku hukumu iliposomwa, Ibiere Horsfall aligawa soda bure. Redio iliyokaa juu ya friza ilitoa habari hiyo mchana, saa ambayo mgahawa wake wa Borokiri hujaa mpaka wengine hula wamesimama: jaji wa Mahakama Kuu ya Shirikisho hapa Port Harcourt ameamua kwamba kodi ya ongezeko la thamani si haki ya serikali kuu kule Abuja. Ni ya jimbo, na jimbo ndilo litakaloikusanya. Ukumbi ukalipuka. Watu wakapiga meza kwa viganja, na fundi mmoja wa bandarini akasimama na kichwa cha samaki mkononi.

"Mafuta yetu wamekunywa!" akapaza sauti. "Walikuwa wamebakisha kulamba sahani zetu! Leo wamepigwa kofi!"

"Kaa chini wewe, unanimwagia mchuzi," akasema jirani yake, lakini naye alikuwa akicheka.

Ibiere akatoka jikoni, kitambaa kichwani, jasho likimtiririka shingoni, akawaambia wahudumu wafungue kreti mbili. Mumewe, Opubo, aliyekuwa kwenye mashine ya kadi, akamtazama juu ya miwani yake.

"Mama Saki, hizo soda analipa nani?"

"Jimbo!" akajibu Ibiere, na kicheko kikavuma hadi barabarani.

Hakuwa mtu wa siasa. Ila kwa miaka mingi, katika kila sahani ya ugali wa muhogo na supu ya samaki aliyouza, aliongeza kodi hiyo, ambayo sasa ilikuwa saba na nusu kwa mia, akaipeleka Abuja, na mbele ya mlango wake palikuwa na shimo ambalo mvua ikinyesha bajaji zilizama humo mpaka abiria wakapandisha miguu kitini. Aliwaza, kama ambavyo mtu yeyote angewaza, kwamba fedha zikibaki karibu huenda zikaliona lile shimo.

*

Wa kwanza kuja alikuwa Godspower. Alifanya kazi katika kampuni iliyopata kandarasi ya kulikusanyia jimbo kodi, naye alitembea kama jimbo lenyewe: fulana ya njano iliyopigwa pasi, manukato ya kuziba pua, funguo za gari zikining'inia kidoleni. Hakuanza na maneno. Alianza na sahani ya viazi vikuu vilivyopondwa na mafuta ya mawese, akaongeza samaki wawili, akanawa, ndipo akaita.

"Madamu, hongera. Sasa tuko huru. Kodi ya mwezi huu unaleta kwetu."

"Nitaleta, mwanangu. Nipe tu karatasi inayosema Abuja hawatanidai tena."

"Hukumu si umeisikia redioni?"

"Redio haitoi risiti."

Godspower akacheka, akamgonga bega kwa kidole chenye harufu ya samaki. "Wewe una maneno. Nitarudi." Akaenda zake, na chakula hakukilipa.

Siku mbili baadaye akaja Bwana Etim, ofisa wa kodi wa serikali kuu, mtu mwembamba, mpole, aliyekunja mwavuli wake vizuri kabla ya kuingia ili asilowanishe sakafu. Yeye Ibiere alimfahamu. Ndiye aliyekuwa akimhudumia miaka yote.

"Tumekata rufaa, Madamu," alisema kwa sauti ya msibani. "Maana yake mambo yanabaki kama yalivyokuwa. Ukiwalipa wale, kwetu sisi utakuwa hujalipa. Utalipa tena, na faini juu yake."

"Na nikikulipa wewe?"

"Utakuwa salama."

"Mikononi mwa nani?"

"Mikononi mwa sheria," akasema Etim.

"Ipi? Maana hata hao wenzako wamekuja na sheria."

Usiku mzima maneno hayo yalimkereketa. Asubuhi akashika simu, akawaita wote wawili waje kula Ijumaa, kila mmoja bila kumwambia habari za mwenzake. Walipokutana kwenye meza ya dirishani, Ibiere alitarajia waparurane. Badala yake wakakumbatiana.

"Godspower! Mama yako hajambo? Kile kiharusi?"

"Anaendelea, kaka Etim. Kwaya yenu siku hizi vipi?"

Kumbe walisali kanisa moja! Walikula, wakaulizana habari za watoto, wakacheka. Kila Ibiere alipowauliza nani alipwe, kila mmoja alijinyooshea kidole bila kinyongo, kama watu wanaocheza karata, huku fedha zilizowekwa mezani ni za mtu mwingine. Walipomaliza, mhudumu akaleta bili. Etim akaisogeza kwa Godspower. Godspower akairudisha kwa Etim. Ikaenda, ikarudi, mpaka ikaingia kwenye mchuzi.

Ibiere akasimama.

"Hata sahani ya samaki hamjui nani alipe," akasema, na watu wa meza za jirani wakageuka, "na mnataka mimi nijue? Nisikilizeni vizuri. Naira laki nne na nusu za mwezi huu ziko benki. Si zangu, ni za wateja walionipa niwapelekee. Sikatai kulipa. Ninachokataa ni kulipa mara mbili. Nendeni mkaelewane. Atakayekuja na sahihi ya mwenzake, nampa siku hiyohiyo."

Etim aliinamisha macho. Godspower yeye alijifuta mdomo polepole, na ule ucheshi ukamtoka usoni.

"Serikali haipangiwi na mpishi, Madamu."

"Lakini inakula kwake," akasema Ibiere. "Tena bure."

*

Walikuja Jumatano, mchana, makusudi wakati ukumbi umefurika. Godspower, vijana wanne wa kampuni yake, na askari wawili waliosimama mlangoni wakitazama viatu vyao. Kijana mmoja alipanda kwenye kiti akatangaza kwamba mahali hapa panafungwa kwa kukaidi kodi, kila mtu atoke. Wateja waliokuwa na tonge mkononi walilimeza wamesimama. Wengine walitoka na sahani. Wengine, na hao Ibiere aliwaona vizuri kwa majina yao, walishukuru Mungu kwa nafasi hiyo wakaondoka bila kulipa.

"Niachieni angalau nizime majiko," akasema Ibiere.

"Tumekuzimia," akajibu kijana, akafunga mtungi wa gesi. Masufuria matano ya supu yakabaki yakitokota kwa joto lake lenyewe.

Hapo ndipo Opubo alipofanya jambo ambalo mkewe hakulitegemea. Alitoka nyuma ya mashine ya kadi, mtu mrefu, mzee wa kanisa, aliyewahi kuwa msimamizi wa watu sitini kwenye visima vya mafuta kabla kampuni haijampunguza kazi, akapiga goti moja kwenye sakafu iliyomwagika mchuzi.

"Bosi wangu," alimwambia Godspower, ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanawe. "Nakuomba. Tupe mpaka Jumatatu. Usiangalie maneno ya mwanamke."

Wahudumu wote walikuwa wakitazama. Godspower akatoa simu, akampiga picha.

"Opubo," akasema Ibiere. Hakumwita Baba Saki. "Inuka."

"Mama Saki, niache niongee na…"

"Inuka. Sakafu ni chafu."

Akainuka, doa jekundu la mawese gotini. Vijana walianza kusukuma watu waliobaki, wakagundua kwamba amebaki mmoja ambaye hasukumiki. Pembeni ya feni, kwenye kiti chake cha mikono, alikuwa ameketi Bibi Awoba, mama yake Opubo, akiendelea kunyonya konokono wa mikokoni mmoja mmoja na kupanga maganda ukingoni mwa sahani.

"Bibi, tunafunga."

"Fungeni. Nimewazuia?"

"Bibi, tafadhali toka."

"Sijamaliza. Na wewe uliyevaa suruali ya kubana, mama yako anajua unafanya kazi gani?"

Walishauriana. Kumgusa mwanamke mwenye miaka themanini mbele ya watu wa Borokiri ni kujitafutia laana na mawe. Mwisho wakamnyanyua na kiti chake, wawili huku na wawili kule, wakamtoa nje hali amekaa, sahani mapajani, leso ikipepea. Umati wa barabarani ukapiga vigelegele kana kwamba ni chifu anapelekwa kusimikwa.

"Polepole, wajinga!" alipaza Bibi Awoba kutoka juu. "Mnamwaga supu yangu! Mama yangu aliwaimbia Wazungu matusi kwa sababu ya kodi, na wao angalau walikuja na bunduki! Ninyi mmekuja na utepe!"

Wakamtua kando ya lile shimo. Mlango ukafungwa kufuli, utepe mwekundu ukapigwa msalaba, na karatasi kubwa ikabandikwa yenye neno moja: MKAIDI.

*

"Una hasira na mimi," alisema Opubo jioni ile, wakiwa nyumbani.

Ibiere alikuwa akisugua ile suruali kwenye beseni. Doa halikutoka. "Sina hasira. Nina aibu."

"Aibu ya nini? Goti ni langu. Ningeweza kulitumia kufungua mlango, ningelitumia hata kesho."

"Na limefungua?"

Opubo akakaa kitandani. Alisema walipe wote wawili, Abuja na jimbo, yaishe. Laki tisa. Jenereta kubwa ingeuzika; Saki, binti yao aliyekuwa chuoni Nsukka, angevumilia kuchelewa kulipiwa chumba. Watu wangapi mjini walikuwa wakilipa kote kote kimyakimya na biashara zao zikaenda? Serikali, alisema, ni kama mvua. Hugombani na mvua, unatafuta mwavuli.

"Mwezi huu tunauza jenereta," akasema Ibiere. "Mwezi ujao? Tutamuuza nani, mama yako?"

"Mimi haninunui mtu!" ikaja sauti ya Bibi Awoba kutoka chumba cha pili. "Nina kisukari!"

Opubo hakucheka. "Unafikiri mimi mwoga," akasema polepole. "Mimi nilisimama kudai haki za watu kule visimani. Nilipeleka orodha ya malalamiko kwa mzungu kwa mkono wangu huu. Wiki iliyofuata nikafukuzwa peke yangu, na wale niliowasemea wakabaki kazini. Najua msimamo bei yake, Mama Saki. Wewe bado hujalipa."

Ibiere akaacha kusugua. Katika miaka yote aliyoishi naye, Opubo alikuwa akisema "walinipunguza," kama mtu anayesimulia ajali. Alikausha mikono yake, akaja kukaa kando yake.

"Kumbe ulikuwa wewe," akasema.

"Nilikuwa mimi."

"Basi sikuolewa na goti." Akamsukuma begani. "Kesho nisaidie kubeba jiko la mkaa."

*

Kesho yake Ibiere alitandika meza barabarani, mbele kabisa ya mlango wake uliofungwa, akaanza kuchoma ndizi na samaki. Aliketi amelipa mgongo lile neno MKAIDI, kama mwenye duka aliyekaa chini ya kibao chake. Opubo alikoleza mkaa, kofia imeshuka mpaka nyusi. Bibi Awoba aliletwa na kiti chake, akapokea wateja na kuwasimulia upya jinsi alivyobebwa. Kila siku wabebaji waliongezeka mmoja.

Hakukuwa na faida ya maana. Kwenye ukumbi aliuza sahani mia mbili kwa siku. Pale akipata arobaini alishukuru. Wahudumu watano aliwaambia kwa mdomo wake mwenyewe waende nyumbani, na mmoja wao alilia akimwomba msamaha, kana kwamba kosa lilikuwa lake. Wafanyakazi wa ofisi za bandari, waliozoea viti na feni, walipita upande wa pili wa barabara wakijifanya wanasoma simu. Godspower alipita na gari polepole, akashusha kioo, akauliza kama moshi huo umelipiwa kodi.

Jambo lililomuuma zaidi lilikuwa wenzake. Mama Uduak, mwenye mgahawa mkubwa kuvuka barabara, alikuja na khanga ya kichwani imeshushwa usoni kama anayeenda kwa mganga.

"Dada, lipa tu," akanong'ona. "Mimi nimelipa pande zote mbili."

"Wakakuacha?"

Mama Uduak akatazama huku na huku. "Jana wamerudi. Wanasema jina la mgahawa kwenye risiti limekosewa herufi."

"Wa upande upi?"

"Wote." Akanunua ndizi moja ambayo hakuihitaji, akaondoka upesi.

Aliyekuja bila kujificha alikuwa Manuchim Worlu, wakili mwanamke wa makamo aliyekuwa na ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la dawa, mlaji mkubwa wa samaki. Alikula amesimama, koti lake la mahakamani limekunjwa chini ya kwapa, akasoma lile neno mlangoni huku akitafuna.

"Mama Saki, hiyo fedha bado unayo?"

"Yote. Haijaguswa hata kobo."

"Usiiguse. Watu wawili wanapodai kitu kimoja kilicho mkononi mwako, na wewe hukitaki, sheria inakuruhusu ukipeleke mahakamani, ukiweke pale, useme: hiki hapa, amueni ni cha nani, mimi niachieni niende. Ni sheria ya zamani. Watu wameisahau kwa sababu ni rahisi kulipa na kulia."

Opubo aliacha kupepea mkaa. "Na hao wawili watakubali?"

"Watapinga kwa nguvu zao zote, mzee. Tena watapinga pamoja."

"Malipo yako je?" akauliza Ibiere.

"Nusu sasa, nusu tukishinda."

"Robo sasa, na chakula cha mchana mpaka mwisho wa mwaka."

Wakili akalamba kidole cha gumba akifikiri. "Na samaki mkubwa Ijumaa."

"Wa kati."

"Haya. Wa kati."

*

Mahakama ilikuwa ileile iliyotoa hukumu ya redioni, ila chumba kingine na jaji mwingine, mwanamke mwenye sauti ya mafua. Ibiere alivaa kitambaa chake cha sherehe na marijani shingoni. Opubo akavaa suti. Kwenye ngazi, mawakili wa pande mbili walitaniana wakikopeshana kalamu. Walipoingia ndani kila mmoja akakaa upande wake na kukunja uso.

Ilikuwa kama Manuchim alivyosema. Wakili wa Abuja alisimama akasema ombi hili litupwe, kwa kuwa kodi ni ya serikali kuu na hakuna cha kubishaniwa. Wakili wa jimbo akasimama akasema ombi hili litupwe, kwa kuwa kodi ni ya jimbo na hakuna cha kubishaniwa. Jaji akapenga kamasi.

"Mnakubaliana kwamba hakuna ubishi?"

"Ndiyo, Mheshimiwa," wakasema kwa pamoja, na chumba kizima kikacheka, hata askari wa mlangoni.

Kuhusu kufuli, wakili wa jimbo alisema mteja wake hakuamuru mtu yeyote afunge mgahawa. Hilo waulizwe watu wa kampuni. Godspower, aliyekaa nyuma, akawa anakagua kucha zake. Ndipo wakili wa Abuja, mzee mwenye kitambi na huruma nyingi, akamgeukia Ibiere kwa mikono miwili.

"Mheshimiwa, sote tunamhurumia mama huyu. Wahenga walisema, wapiganapo tembo wawili, nyasi ndizo huumia. Ni bahati mbaya, lakini ndivyo ulimwengu…"

"Nyasi hazilipi kodi," akasema Ibiere.

Manuchim alimvuta nguo. Jaji akanyanyua kichwa.

"Nani amesema hivyo?"

Ibiere akasimama. "Ni mimi, Mheshimiwa. Nisamehe, sijui taratibu. Lakini huyu baba ameniita nyasi. Mimi nalipa kodi tangu nianze biashara. Sijawahi kuchelewa, hata mwaka wa mafuriko. Wangekuwa tembo, wangejilisha. Mimi ndiye ninayewalisha hawa, wote wawili, na hiyo fedha wanayogombea imetoka kwenye masufuria yangu. Nimekuja nayo hapa. Sikuja kuhurumiwa. Nimekuja wapokee."

Jaji aliandika kwa muda mrefu, akaahirisha, akarudi baada ya wiki moja, na uamuzi wake haukuzidi dakika chache. Fedha iwekwe mahakamani mpaka Mahakama ya Rufaa iseme ni ya nani. Mpaka hapo, mtu yeyote, wa Abuja au wa jimbo, asimdai mama huyu kodi hiyo wala za miezi ijayo, maadamu anaziweka hapa. Aliyefunga mlango akaufungue kwa mkono wake. Kuhusu hasara ya siku zote hizo, hilo si la shauri hili. Akitaka fidia, afungue kesi nyingine.

"Kwa hiyo supu yangu imekwenda bure," Ibiere alimnong'oneza wakili.

"Bure kabisa," akasema Manuchim. "Lakini umeshinda. Mshukuru Mungu kabla hawajakata rufaa."

*

Godspower alikuja kufungua akiwa na ofisa wa mahakama pembeni. Alikata utepe, akazungusha ufunguo, akasukuma mlango kwa kiatu, akarudi nyuma hatua tatu akijiziba pua. Harufu iliyotoka iliwatawanya hata waliokuwa ng'ambo ya barabara. Umeme ulikuwa umekatika tangu siku za mwanzo, na friza nazo zilikuwa zimefungiwa na samaki ndani.

"Basi, nimefungua," akasema Godspower.

"Amri inasema umfungulie mgahawa," akasema Opubo. Alikuwa amesimama katikati ya njia, mikono nyuma, kama alivyokuwa akisimama zamani mbele ya watu sitini. "Huu si mgahawa bado. Ni kaburi. Masufuria matano yako jikoni, mkono wa kushoto. Anza na lile kubwa."

Godspower akamtazama ofisa wa mahakama. Ofisa akatazama mawingu. Umati ulikuwa umeanza kukusanyika, na Bibi Awoba alikuwa ameshaita asogezewe kiti karibu aone vizuri. Godspower akavua saa yake, akaitia mfukoni, akaingia.

Ibiere hakumcheka. Alipomwona anatoka amekumbatia sufuria, uso ameugeuza pembeni, machozi yakimtoka kwa ile harufu, alimfungulia njia, na sufuria la tatu alimshikia mkono mmoja kwa sababu lilikuwa zito.

*

Mwisho wa mwezi uliofuata, Ibiere alikwenda masjala ya mahakama kuweka fedha kwa mara ya pili. Alifika mapema, akitegemea kumkuta karani peke yake na chai yake. Lakini kwenye ngazi alimkuta Mama Uduak, safari hii khanga iko mabegani na uso uko wazi. Nyuma yake alikuwa mwenye duka la vitambaa wa barabara ya Aba. Nyuma ya huyo, mwenye saluni mbili za Diobu, na mama wa nyumba ya wageni, na wengine ambao Ibiere hakuwajua, foleni imeshuka ngazi mpaka kwenye maegesho ya magari ya majaji, kila mmoja amekumbatia mkoba wake kama mtoto mchanga. Manuchim alikuwa akipita kati yao na kalamu sikioni, akiwaandikia maombi kama lile la Ibiere, sauti imemkauka.

"Dada," akasema Mama Uduak, "umechelewa. Shika foleni."

Karani alitoka, akaona, akarudi ndani, akatoka tena. Nyuma yake, kwenye dirisha la juu, wale mawakili wawili wa serikali walikuwa wamesimama bega kwa bega wakichungulia, na hakuna aliyekuwa akimtania mwenzake.

"Enyi akina mama!" karani akapaza sauti. "Hapa si benki! Nani amewatuma? Mnataka kumlipa nani, Abuja au jimbo?"

Wanawake wakatazamana. Ibiere akapanda ngazi moja ili aonekane vizuri.

"Hilo ndilo tumekuja kuwauliza ninyi," akasema. "Mkishajua, mtuambie. Kwa sasa, toa meza, andika risiti."